Kona ya Nguba

IJUMAA, MCHANA

Zagabe alichukua mnyororo wa zamani wa pikipiki, akautandaza juu ya meza mpaka ukawa duara. Kisha akaokota nati moja sakafuni, akaiweka katikati.

"Hii njo barabara ya mbio," alisema. "Na hii njo comptoir."

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji yake, mtaa wa Nyawera, Bukavu. Hakina dirisha. Kinanuka petroli na mpira. Nje, tonton Barthélemy, fundi mzee, alikuwa akijaribu injini ya pikipiki namba ishirini na saba, na kila alipovuta gesi bati la paa lilitetemeka.

"Kesho asubuyi banafunga barabara yote. Nyawera, Feu Rouge, Nguba, na kurudi. Gari haipite. Taxi haipite. Jeep ya polisi haipite. Benye kuwa ndani ya hii duara bako ndani mpaka mbio iishe. Benye kuwa inje, bako inje. Kintu gani itatembea?"

"Piki ya mbio," alisema Glody.

"Piki ya mbio tu."

Glody alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha. Miaka sita alikuwa askari huko msituni Shabunda. Alitoroka na bunduki yake, akatoroka pia na uchovu wa kuongea. Kando yake, juu ya tairi, alikaa Anaclet. Huyu hakuwa jambazi. Alikuwa mlinzi wa comptoir, ile nyumba ya kununulia dhahabu pale kona ya Nguba, mpaka Pasaka walipomfukuza. Alijua mlango gani unalia na mlango gani haulii. Alikuwa na mke, hana kazi, na alikuwa mdogo wake Virginie, mke wa Mardochée.

Mardochée alisimama karibu na mlango. Ndiye mpanda pikipiki. Misimu kumi na mmoja alikuwa amekimbia mashindano ya Maziwa Makuu, Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma, na hajawahi kushika kombe. Magoti yake yalikuwa yameshonwa kama gunia. Mwezi wa kwanza timu yake ilimwacha, ikachukua kijana. Ndipo Zagabe, muuza vipuri, mfadhili wa kwaya ya parokia, mtu ambaye mjini watu hushusha sauti wakitaja jina lake, alipomletea pikipiki mpya kabisa, ile namba ishirini na saba.

"Utakimbia musimu muzima," alimwambia. "Kisha, siku moja, utanifanyia kazi moja."

Mardochée alikubali kabla ya kuuliza ni kazi gani. Kwa hiyo alijua ni kazi gani.

"Jumapili," Zagabe aliendelea, "mbio ya mwisho ya musimu, mizunguko kumi na nane. Glody na Anaclet baingie kwa mulango ya nyuma mbio ikikuwa moto. Makelele ya mapiki itafunika yote. Dhahabu ya Mwenga na ya Shabunda iko mule ndani, sababu ndege ya kuibeba hii juma haikuya. Mzunguko ya kumi na moja, Mardochée, piki inazimika. Unaisukuma pa kona, unaingiza mu kichochoro kando ya comptoir. Anaclet atakuwa pale na jile ya commissaire, ile nguo ya njano ya basimamizi ba mbio. Batu batafikiri anakusaidia. Anakuwekea mufuko mu mugongo, ndani ya kombinezo yako ya mbio. Kichochoro inapita mu mufereji chini ya barabara, gari haipite, inatokea inje kando ya ziwa. Unawasha. Panzi, Nyangezi, Ngomo. Kamanyola kuko mutu yangu."

"Na sisi?" aliuliza Anaclet.

"Nyie munatembea. Hamuna dhahabu, hamuna bunduki. Muko batu ba kuangalia mbio. Nani atabashika?"

"Redio," alisema Glody.

"Njo neno. Kila robo saa mulinzi anajibu redio. Akikosa kujibu, bakubwa yake banatuma batu kwa miguu. Kwa hiyo munangojea ajibu, kisha munamufunga. Kutoka pale muko na robo saa. Haiko na dakika moja zaidi."

Alimgeukia Mardochée.

"Na weye. Uko wa pili kwa klasma, kwa pointi ya musimu. Nilikuambia ukae katikati. Mutu wa katikati haangaliwe."

"Piki iko muzuri, papa."

"Piki haina kosa. Mukono yako njo inaniogopesha."

Walitoka mmojammoja. Uani, Anaclet alimngojea Mardochée nyuma ya mapipa. Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayetabasamu kwa daktari wa meno.

"Bofrere," alisema, kama alivyomwita shemeji yake siku zote. "Utasimama?"

"Nitasimama."

"Glody ananitishaka. Weye hunitishake. Ukisema utasimama, mi nalala usingizi."

"Lala," alisema Mardochée.

JUMAMOSI, MCHUJO

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Lami ya Feu Rouge iling'aa kama tumbo la samaki. Watu walipanda juu ya kuta, juu ya paa, juu ya miti ya avokado. Mji mzima ulikuwa umetoka: wanafunzi wa vyuo, mamans wenye mabeseni ya ndizi, wachimbaji waliokuja kutoka Mwenga wakiwa bado na udongo kwenye buti.

Mardochée aliingia barabarani akiwa na nia ya kukaa wa nane. Wa nane ni mahali pazuri. Hakuna anayemkumbuka wa nane.

Mzunguko wa kwanza aliushika vizuri. Wa pili, kwenye mteremko wa kwenda Nguba, pikipiki ilimwomba. Hakuna neno jingine. Ilimwomba, naye akaiachia. Gurudumu la nyuma likateleza, likashika, na kona ile, ambayo vijana waliiogopa kwa sababu lami yake inakatika na kuwa vumbi bila onyo, akaipita kama mtu anayegeuka kitandani.

Aliporudi, tonton Barthélemy alikuwa anashika kichwa kwa mikono miwili.

"Papa! Uko wa kwanza! Mbele ya Steve!"

Steve alikuwa kijana wa Kampala, bingwa wa mwaka uliopita, na mwaka huu tena alikuwa anaongoza. Alikuwa na mafundi wanne na hema lenye feni. Alikuja kumpa Mardochée mkono, akacheka bila ubaya.

"Mzee, kesho utaniua."

Simu ya Mardochée iliita. Zagabe.

"Nini ile?"

"Ilitoka peke yake, papa."

"Kesho isitoke peke yake." Akakata.

Jioni Virginie alipika sambaza na fufu. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu na alikuwa na sauti ya mwalimu hata akiwa jikoni.

"Kesho mi natoka misa mbio-mbio. Nitasimama pa Nyawera na bamama ba chama. Na umesikia? Anaclet banamupatia kazi ya commissaire! Na jile! Alikuya hapa kunionyesha, anazunguka-zunguka kama bibi arusi." Alicheka, kisha akaweka mwiko chini. "Tangu bamufukuze kule, nilikuwa naogopa. Mutu asipokuwa na kazi huu muji, unajua anaangukia wapi."

Mardochée alitafuna. Alianza kutoa miiba ya sambaza, hata ile midogo inayotafunwa tu.

"Umuangalie kesho," alisema Virginie. "Kule pa kona. Asisimame karibu sana."

"Nitamuangalia."

JUMAPILI, MBIO

Kengele za kanisa kuu zilikuwa bado zinalia pikipiki kumi na tisa zilipopangwa. Mawingu yalikuwa chini, yamekalia vilima vya Kadutu. Zagabe alikuwa kwenye jukwaa la wageni, suti ya kijivu, miwani, glasi ya maji. Mwenye timu. Aliinua kidole kimoja kumsalimu mpanda pikipiki wake.

Taa zikazimika. Wakaondoka.

Mizunguko mitano ya kwanza Steve aliongoza. Mardochée alikuwa wa pili, na nyuma yake alikuwa Hugues, kijana wa Goma asiye na breki wala hofu. Mardochée alijiambia: hapa panatosha. Wa pili akizimikiwa injini, watu watasikitika, watasahau. Kila alipopita Nguba aliona jile la njano la Anaclet kwenye mdomo wa kichochoro. Mzunguko wa sita alikuwepo. Wa saba alikuwepo. Wa nane hakuwepo.

Wameingia, aliwaza. Robo saa imeanza.

Mzunguko wa tisa, jile halipo. Lango la comptoir limefungwa. Juu ya paa, watoto wanashangilia, na chini ya paa hilohilo Glody ana bunduki kwenye shingo ya mtu. Hakuna aliyejua. Mardochée alihisi jasho linateremka mgongoni, pale mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mfuko.

Mzunguko wa kumi, kwenye kona ya Feu Rouge, Steve alianguka.

Haikuwa ajali kubwa. Mtu alikuwa amemwaga maji, au mvua ilikuwa imebaki kwenye ufa. Gurudumu la mbele liliondoka, kijana akateleza kwa mgongo mpaka kwenye magunia ya mchanga, pikipiki ikampita na kuvunjikia kwenye nguzo. Aliinuka. Alipiga magunia ngumi. Pikipiki haikuinuka.

Mardochée alipita kando yake. Barabara mbele yake ilikuwa tupu.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa hajaona barabara tupu. Kila mara mbele yake palikuwa na mgongo wa mtu, moshi wa mtu, mawe yaliyorushwa na gurudumu la mtu. Sasa palikuwa na lami tu, na watu pande mbili, na vinywa vyao viko wazi, na jina wanaloita ni lake. Alipopita Nyawera, tonton Barthélemy alikuwa ameninginia juu ya ukuta na ubao. Hakuandika nafasi. Aliandika CHAMPION, na herufi ya mwisho ilikosa mahali, ikashuka chini.

Steve nje. Akimaliza wa kwanza, msimu ni wake.

Mzunguko wa kumi na moja.

Alishuka kwenda Nguba. Anaclet alikuwepo. Jile la njano, mdomo wa kichochoro, begi dogo jeusi limebanwa kwapani. Nyuma yake lango lilikuwa wazi kwa upana wa kiganja, na kwenye ule wazi lilikuwepo jicho la Glody.

Kidole gumba cha Mardochée kilienda kwenye swichi ya kuzimia injini. Kilikuwa pale. Alikihisi. Palihitajika kubonyeza tu, kama unavyozima taa ya chumba.

Nyuma yake Hugues alikuwa anapumua. Akifunga gesi hapa, Hugues anapita, na mwaka ujao hakuna pikipiki, hakuna goti, hakuna mwaka ujao. Mawazo yale hayakuchukua hata nusu ya kona. Mizunguko saba imebaki. Baada ya bendera kuna mzunguko wa kupoa, wote wanakwenda polepole, wanapunga mikono. Atasimama hapo. Hata itakuwa rahisi zaidi. Wangojee kidogo tu.

Alijua redio. Alijua robo saa. Alijua kwamba anajidanganya, kama mlevi anavyojua chupa ya ngapi.

Akapita.

Kwa pembe ya jicho aliona Anaclet anashusha begi polepole, kama mtu ambaye taxi imempita ikiwa na nafasi.

Mzunguko wa kumi na mbili. Juu ya jukwaa la wageni Zagabe alikuwa amesimama. Wengine wote nao walikuwa wamesimama, wanapiga makofi. Yeye hakupiga. Mardochée alimwona kwa kupepesa jicho, suti ya kijivu katikati ya mikono inayopepea. Hata hivyo mkono wake wa kulia haukulegea.

Nguba. Anaclet alikuwa ametoka kichochoroni mpaka ukingoni mwa lami. Hakuwa na begi. Mikono yote miwili ilikuwa juu. Hakuwa akiashiria kama commissaire, alikuwa anaita. Kinywa chake kilifanya neno ambalo Mardochée hakulisikia, lakini alilisoma. Bofrere.

Virginie alisema Anaclet asisimame karibu sana. Ndilo lililomjia kichwani, na lilimjia kama hasira. Kwa nini amesimama karibu hivyo? Kwa nini hawaachi ule mfuko, watembee? Hawana dhahabu, hawana bunduki, nani atawashika? Lakini Glody hakuacha bunduki hata siku alipoacha jeshi. Asingeacha dhahabu. Na Anaclet asingeondoka, kwa sababu aliambiwa "nitasimama."

Akapita mara ya pili.

Mzunguko wa kumi na tatu, kabla hajafika Nguba, aliona watu juu ya paa hawamtazami tena. Wote walikuwa wamegeuza migongo kwa barabara, wanaangalia chini, uani. Kisha wakaanza kuruka.

Hakusikia risasi. Ndani ya kofia mtu husikia injini yake tu. Aliona lango limefunguka lote. Aliona walinzi watatu wasiokuwa wa pale, wamekuja kwa miguu, wamepiga magoti nyuma ya kibanda cha vocha. Aliona Glody amelala kwenye kizingiti, mkono mmoja umebaki ndani ya kamba ya begi. Na aliona Anaclet anakimbia. Hakukimbilia kichochoro. Alikimbilia barabarani, kuelekea pikipiki namba ishirini na saba, mkono umeinuliwa, jile la njano linampepea kifuani.

Mardochée alimkwepa. Mwili wake ulifanya peke yake kile ulichofanya miaka yote: uliinama, ukapita kushoto, ukarudi kwenye njia. Ukaendelea.

Alipofika Nyawera bendera nyekundu zilikuwa zinapepea kila mahali. Mbio zimesimamishwa.

Wanaokimbia wanajua sheria. Theluthi mbili ikipita, matokeo yanahesabika. Kumi na mbili kati ya kumi na nane ni theluthi mbili. Hakutaka kulijua hilo, lakini lilikuwa limekwisha kuhesabika kichwani kabla hajashusha mguu chini.

Tonton Barthélemy alimvamia. Alikuwa analia kweli, machozi na mafuta, anambusu kofia.

"Papa! Tuko ba champion! Miaka yote hii, papa!"

"Kuna nini kule Nguba?"

"Sijue, bezi tu. Banasema balitaka kuiba comptoir. Bawili. Balibapiga risasi bote." Alipangusa pua. "Achana nabo. Toa kofia, batu bakuone."

Kombe lilitolewa ndani ya hema, haraka-haraka, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na askari walikuwa wanawahimiza watu waende nyumbani. Hapakuwa na wimbo. Mwenyekiti wa shirikisho alisoma jina, akampa Mardochée kombe, akamwita mwenye timu aje apigwe picha.

Zagabe alikuja. Alikumbatia mpanda pikipiki wake kwa mikono miwili, shavu kwa shavu, mara tatu, kama ndugu. Kamera zikawaka.

"Nilikuona," alimnong'oneza. "Nilikuona mara zote." Kisha, kwa sauti ya watu wote: "Bukavu iko na champion!"

Virginie alipita katikati ya watu akiwa na kitenge cha misa kimelowa mpaka magotini. Alicheka, alilia, alimshika masikio mumewe kama anavyowashika watoto wake wa darasani wakipata kumi kwa kumi.

"Nilikuambia! Nilikuambia utakufa bila kuishika, na umeishika!" Akazungusha macho hemani. "Anaclet iko wapi? Alisemaka atakuya hapa hapa. Simu yake inaita tu. Atafurahi, ule mutoto, atafurahi sana!"

Mardochée alishika kombe. Lilikuwa jepesi kuliko alivyofikiri. Ndani lilikuwa bati.

"Tuende nyumba," alisema.

JUMATATU, KILIO

Mwili wa Anaclet waliuona asubuhi. Mchana turubai lilikuwa limekwisha kufungwa uani kwa mama yao Virginie na Anaclet, Panzi, na viti vya plastiki vya parokia vimepangwa. Watu walikuja wengi. Wengi hawakujua waanze na neno gani. Walimshika Mardochée mkono, wakasema pole, kisha, bila kuuachia, wakasema hongera. Wengine walisema hongera kwanza, wakajishika mdomo.

Mtaa ulikuwa umekwisha kutoa hukumu. Anaclet alikuwa mwizi. Padri alitafuta maneno na alipata machache. Mkewe Anaclet alikaa amefunikwa nguo kichwani, mtoto mgongoni. Mama mzee hakulia. Alikuwa anatengeneza na kutengeneza tena ukosi wa shati la marehemu lililotundikwa ukutani, kana kwamba mwenyewe anakaribia kulivaa.

Polisi wawili walikaa kona ya turubai, wanakunywa fanta. Walikuwa wamekuja kuuliza juu ya mtu wa tatu. Hapakuwa na haraka usoni mwao. Mmoja aliinuka, akaomba apige picha na champion kwa simu yake. Mardochée alisimama naye. Alikuwa karibu naye kiasi cha kunong'ona. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, manne au matano tu. Simu ikalia kama kamera, askari akasema asante, akarudi kukaa.

Saa nane hivi aliingia mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni. Maman Emérence, anayeuza brochette, mishikaki ya mbuzi, pale kona ya Nguba. Alimwinamia mama, akamwinamia mjane, kisha akakaa kando ya Virginie. Waliongea kwa muda, vichwa pamoja. Mardochée alikuwa upande wa pili. Hakusikia. Aliona tu mkono wa mwanamke yule ukiinuka juu, ukishuka, ukiinuka tena. Alikuwa anaonyesha namna mtu anavyosimamisha pikipiki.

Virginie alimsikiliza mpaka mwisho. Alimshukuru. Aliinuka, akavuka uwanja, akaja kukaa kando ya mumewe. Hakumtazama. Alitazama mbele, mahali watu wanapoweka viatu.

"Maman Emérence alikuwa pale," alisema. "Anasema Anaclet hakukuwa anakimbia polisi. Anasema alikuwa anangojea piki moja. Zingine zote zinapita, hainue mukono. Anainua kwa moja tu."

Mardochée aliweka mkono juu ya goti la mkewe.

"Ulimuona?"

Angeweza kusema hapana. Kofia, mvua, mwendo. Virginie angeamini, au angejilazimisha aamini, na wangezeeka na jambo hilo ndani ya nyumba.

"Nilimuona."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Vidole vya Virginie vilikuwa vinahesabu kitu juu ya kitenge, tatu, tatu, tatu. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akauinua kutoka gotini kwake, akaurudisha juu ya goti la mwenyewe. Aliufanya taratibu, kama mtu anayemrudishia jirani chombo chake.

"Kwa nini hukuniambia mi, Mardochée? Ningeuza mashini ya kushona. Ningeuza nini sijui. Ningekuambia usikimbie tu." Sauti haikupanda. "Sasa toka. Usipite mbele ya mama. Pita nyuma."

Akapita nyuma. Alipita jikoni, ambako wanawake walikuwa wanamenya viazi na waliinua macho kumtabasamia champion. Akapita bafu, akatoka kwenye mlango mdogo wa bati unaoelekea barabara ya juu.

Gari la Zagabe lilikuwa limesimama pale, injini inawaka. Zagabe mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Nyuma walikaa wanaume wawili ambao Mardochée hakuwafahamu. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa ndani.

Aliangalia kushoto na kulia. Barabara ilikuwa imejaa watu. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kurudi uani kwa polisi wanaokunywa fanta. Alipima mambo hayo yote kama mtu anayepima nguo za mtu mwingine. Uani penyewe hapakuwa tena na kiti chake.

"Panda," alisema Zagabe.

Akapanda.

Waliacha Panzi, wakashuka kwenda Nyangezi. Barabara zilikuwa zimefunguliwa, malori ya mchele yalikuwa yanapanda kutoka Luberizi, wapanda baiskeli wenye makaa walisimama pembeni kupumua. Walipopita soko la Nyangezi na milima ya Ngomo ikaanza kufunga njia pande mbili, Zagabe alipunguza mwendo. Alivua miwani, akaiweka mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Mi nataka kuelewa tu," alisema. "Haitabadilisha kintu. Nilikupa kila kintu. Ule mutoto alikuwa wa nyumba yako. Uliwaza nini?"

Mardochée alifikiri. Alitaka, kwa mara hiyo moja, kusema jambo la kweli mpaka chini. Alitazama barabara ya vumbi inavyopinda na kupotea nyuma ya mlima.

"Sikukuwa na mutu mbele yangu, papa," alisema. "Njo ile tu. Barabara ilikuwa tupu."

Zagabe alitikisa kichwa polepole, kama mfanyabiashara aliyetajiwa bei na kuona kwamba haipungui. Mbele kidogo aliwasha taa ya kuashiria, ingawa hapakuwa na gari nyuma yao, akakata kulia kwenye njia ya majani. Wale wawili wa nyuma walikuwa wamekwisha kufungua milango kabla gari halijasimama.